Barua ya wazi kwa Mtakwimu Mkuu na wakubwa wa usajili wa biashara: tuulizeni tunafanya nini, namba pangeni nyie

Waheshimiwa, shikamooni.

Namwandikia Mtakwimu Mkuu wa Serikali kule Dodoma na mwenzake wa Zanzibar, pamoja na wakubwa wote mnaosimamia usajili wa majina ya biashara, leseni na namba ya mlipakodi, maana hili jambo limekaa katikati yenu na kila ofisi ukiiuliza inaweza kusema ni la ofisi nyingine.

Mimi nina steshenari hapa Mwanza. Siku hizi kazi kubwa ya steshenari sio kutoa kopi, ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni, mtu anakuja na namba ya NIDA na simu ya kitochi anataka jina la biashara au TIN au leseni, mimi nakaa kwenye kompyuta yeye anakaa kwenye stuli pembeni, tunaanza. Jina, kata, mtaa, namba ya simu, yote yanaenda vizuri mpaka tunafika pale panapotaka uchague shughuli ya biashara. Hapo linafunguka orodha refu la Kiingereza, kila mstari una namba ya tarakimu nne na maelezo ya kiofisi, na mteja wangu ananiambia kitu kimoja tu: "andika dagaa".

Sasa dagaa yupi? Ukimuuliza huyo mama vizuri unakuta hauzi dagaa sokoni kwa kipimo. Anawanunua wabichi mwaloni alfajiri kutoka kwa wavuvi, anawaanika kwenye chanja na wasichana anaowalipa kwa siku, mvua ikinyesha wanakimbia wote kufunika, wakikauka anapepeta mchanga, anachambua, anafunga kwenye magunia, anapakia kwenye lori, wanakwenda mpaka Kongo. Hiyo ni biashara gani? Kwenye orodha hakuna neno dagaa, kwa hiyo kinachobonyezwa ni duka la rejareja la vyakula kwa sababu ndo mstari wa kwanza unaoeleweka, na mama anaondoka na karatasi yake amefurahi, na kwenye kumbukumbu za nchi ameingia kama muuza duka.

Kwa mpangilio mnaoutumia nyie wenyewe huyo mama ana kiwanda. Sisemi hivyo kumpamba. Namba yake ni 1020, usindikaji na uhifadhi wa samaki, na maelezo yake yanataja kukausha, kufukiza moshi, kuchumvia, kugandisha, vyote. Yuko daraja moja na vile viwanda vikubwa vya minofu ya sangara vilivyo hapa hapa ziwani.

Kwa wasomaji wengine ambao hiki kitu hawakijui, kuna mpangilio wa Umoja wa Mataifa unaitwa ISIC, ulianza mwaka 1948, umerekebishwa mara kadhaa, na toleo la nne ndilo lililochapishwa 2008. Kazi yake ni kuipa kila shughuli ya kiuchumi fungu lake ili nchi zikilinganisha takwimu ziwe zinaongelea kitu kimoja. Toleo hilo la nne lina mafungu makubwa 21 yenye herufi kuanzia A mpaka U, ndani yake kuna migawanyo 88, inashuka kwenye makundi 238, halafu chini kabisa kuna madaraja 419, hizo ndo namba za tarakimu nne tunazokutana nazo kwenye fomu. A ni kilimo, misitu na uvuvi. C ni viwanda. F ni ujenzi, G ni biashara ya jumla na rejareja, H ni usafirishaji, I ni malazi na chakula, inaendelea hivyo. Pato la Taifa mnalotutangazia limepangwa kwa mafungu hayo hayo, kwa hiyo mkisema kilimo ni zaidi ya robo ya uchumi na viwanda ni asilimia 7 na kitu, nyuma ya maneno hayo kuna mtu mahali fulani aliamua biashara ya fulani iingie A, au C, au G.

Nilikaa nikausoma ule mwongozo wa ISIC kwa sababu nilichoka kubahatisha kwenye kazi ya watu, na nawaambia ukweli, ni kitu kilichofikiriwa vizuri sana. Hauangalii ukubwa wa biashara. Hauangalii kama una leseni au huna, kama ni ya serikali au ya mtu binafsi, kama unatumia mashine ya umeme au mikono yako, kama uko kwenye jengo la kiwanda au barazani kwako. Unaangalia kitu kimoja, unafanya nini hasa, yaani unachukua nini, unakibadilisha vipi, unatoa nini. Lakini kwa sababu hiyo hiyo huwezi kukisia kwa kutazama kwa macho, na ndo maana nasema hii kazi sio ya kuachiwa mimi na mama wa dagaa tuifanye kwa dakika mbili huku nyuma kuna foleni.

Angalieni pamba, maana huku Kanda ya Ziwa ndo tunapoijua. Kiwanda cha kuchambua pamba, jineri, ni jengo kubwa lina mashine zinanguruma, malori yamejipanga nje, vibarua wanabeba marobota, mtu yeyote atakwambia hicho ni kiwanda. ISIC inasema hapana, kuchambua pamba ni 0163, shughuli za baada ya mavuno, iko fungu A, ni kilimo. Halafu kwenye uzio huo huo, ile mbegu iliyotenganishwa na nyuzi ikihamia kwenye mashine ya kukamua mafuta, hapo sasa ni 1040, ni kiwanda, na mashudu yanayobaki nayo yanahesabiwa humo humo. Na yule mama wa mtaani mwenye mashine moja ya kusaga na kukoboa, watu wanamletea debe la mahindi wanaondoka na unga, hata kama anasaga mahindi ya watu kwa malipo tu na hamiliki punje moja, huyo ni 1061, kiwanda. Kwa hiyo jengo kubwa ni kilimo na kibanda cha mabati ni kiwanda. Kuna sababu zake, jineri inaandaa zao liweze kuingia sokoni kwa mara ya kwanza, wakati unga ni bidhaa nyingine kabisa kutoka kwenye hindi, na mimi sina ugomvi na sababu hizo. Ila niambieni ni kijana gani wa steshenari atakayelijua hilo bila kufundishwa, na ni mwenye jineri gani atabonyeza kilimo kwa hiari yake.

Mnakumbuka enzi zile za Tanzania ya Viwanda, mjadala wa vyerehani vinne, kama ukiwa navyo una kiwanda au huna. Watu walibishana miezi. Kimpangilio jibu lilikuwepo siku zote: kushona nguo, pamoja na kumpima mteja na kumshonea yake peke yake, ni 1410, fungu la viwanda, iwe cherehani kimoja au mia nne. Fundi anayeziba viraka na kubadilisha zipu tu ndo anatoka humo anakwenda kwenye ukarabati wa vitu vya nyumbani, 9529. Kilichokosekana kwenye ule mjadala ni mtu wa takwimu kusimama na kuwaambia watu kwamba aina ya shughuli ni swali moja na ukubwa wa biashara ni swali lingine. Sensa yenu ya viwanda ya mwaka 2013 ilikuta viwanda 49,243 Tanzania Bara, na zaidi ya asilimia 85 vilikuwa vya mtu mmoja mpaka wanne. Kwa hiyo nyie mlishalijua. Ila sisi huku chini tuliachwa tubishane, na wengine mpaka leo wanaona kumwita fundi cherehani mwenye kiwanda ni kumkejeli, na yeye mwenyewe akija kwangu anasema andika "biashara ndogo ndogo".

Hiyo "biashara ndogo ndogo" ndo ugonjwa wenyewe, hiyo na "duka" na "nyinginezo". Seremala anajiandikisha anauza fenicha, anaingia G, wakati yeye anazitengeneza kwa randa yake, yuko 3100. Kijana wa kuchomea mageti na madirisha anaandikwa ujenzi au vifaa vya ujenzi, wakati kutengeneza geti ni 2511, bidhaa za chuma. Fundi simu anaandikwa muuza simu. Bodaboda anaandikwa pikipiki, na ukichagua pikipiki kwenye orodha unaangukia 4540 ambayo ni kuuza na kutengeneza pikipiki, wakati yeye anabeba abiria, yuko na wenye teksi 4922. Na bosi wake anayemkabidhi chombo asubuhi na kupokea hesabu jioni anafanya kitu kinachofanana zaidi na kukodisha pikipiki, 7730, ambayo iko mbali kabisa kwenye fungu la huduma za kiutawala na kukodisha. Pikipiki moja, watu wawili, mafungu mawili. Dalali naye vile vile, dalali wa nyumba yuko fungu L na dalali wa mazao yuko fungu G, lakini wote wawili wakija wanasema neno hilo hilo, dalali.

Mwenzenu wa Zanzibar anayo ya kwake kwenye mwani. Mama wa Paje anayefunga mbegu za mwani kwenye kamba maji yakipwa yuko 0321, ufugaji na ukuzaji wa viumbe wa baharini. Akina mama wakiununua mwani mkavu wakausaga unga, hiyo ni kusindika, 1020. Wakitengeneza sabuni kwa ule unga, 2023, sabuni na vipodozi. Ni kikundi kimoja, pengine watu ni wale wale, na wamepanda kutoka A mpaka C kwa jitihada zao wenyewe. Sasa kama wamesajiliwa mara moja tu kama "kilimo cha mwani" na hakuna aliyewahi kurudi kuwauliza, hiyo safari yote waliyosafiri haipo kwenye takwimu. Mwaka hadi mwaka tunalalamika kwamba tunauza malighafi hatuongezi thamani, na waliokwisha kuiongeza tumewaandika kama wauza malighafi! Hili linaniuma kuliko mengine yote.

Najua mtanijibu kwamba Pato la Taifa halitokani moja kwa moja na fomu zinazojazwa steshenari, mna tafiti zenu, mna wadadisi wanaoenda mpaka mlangoni. Sawa. Lakini huo utafiti unaanza na orodha ya biashara, lazima muwe na daftari la kuchagulia ni nani wa kumuuliza, na daftari hilo kwa sehemu linalishwa na kumbukumbu za usajili na za kodi na leseni. Kama wasindikaji wa dagaa wameandikwa maduka, mkitafuta viwanda vya kuhoji hamtawaona, na mkitafuta maduka mtawakuta, mtawahoji maswali ya duka, na mtawahesabu kwa faida ya duka. Makosa ya chini yanapanda juu.

Na kuhesabu upya kunabadilisha nchi kwenye karatasi kweli kweli. Mlipohamisha mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake ndo zinatumika kupimia uchumi, kutoka 2001 kwenda 2007, Pato la mwaka huo wa 2007 lilikutwa ni kubwa kwa karibu asilimia 28 kuliko tulivyokuwa tunaambiwa. Wenzetu Kenya mwaka 2014 walifanya yao, pato la 2013 likaongezeka asilimia 25.3 na wakahesabiwa uchumi wa kipato cha kati. Hakuna shamba jipya lililolimwa usiku ule wala kiwanda kilichofunguliwa. Ni shughuli ambazo zilikuwepo siku zote, watu wanazifanya, ila vipimo vya zamani vilikuwa havizioni vizuri.

Halafu kuna hela halisi inayofuata hizi herufi. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitoa nafuu kwa mabenki yatakayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Nzuri sana. Sasa mwenye jineri ni kilimo au sio kilimo? Mwenye mashine ya kusaga je? Mama wa dagaa anayenunua kwa wavuvi je? Afisa mikopo anatazama karatasi ya usajili, na karatasi inasema duka. Mikopo ya halmashauri nayo, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu, mkurugenzi akitaka kujua kwenye wilaya yake fedha zimekwenda kwenye usindikaji kiasi gani na kwenye uchuuzi kiasi gani, atasoma kile kile kilichobonyezwa siku ya kwanza.

Niseme na hili la ajira kwa sababu watu wengi wanachanganya. Kazi ya mtu na shughuli ya mwajiri wake ni vitu viwili, kazi zina orodha yake na biashara zina yake. Mlinzi wa kiwanda cha minofu akiwa ameajiriwa na kiwanda anahesabiwa kwenye viwanda, 1020. Kiwanda kikiamua kumtoa na kuchukua kampuni ya ulinzi, yule yule kwenye geti lile lile na firimbi ile ile anakuwa 8010, huduma za ulinzi. Takwimu zitaonyesha ajira za viwandani zimepungua na za huduma zimepanda, wakati hakuna aliyehama. Waandishi wa habari na wabunge wanapobeba hizo asilimia na kuzijengea hoja mtu wa kuwaeleza hili ni nyie.

Sasa nije kwenye biashara mchanganyiko maana huko ndo kuna wateja wengi. Mtu ana fremu moja, ndani kuna mchele na sukari na sabuni, kuna friji la soda, kuna kona ya wakala wa pesa, na nyuma kuna cherehani cha mke wake. Fomu inamtaka aseme shughuli kuu. Atasema duka, kwa sababu ndo linaloonekana na ndo linalopitisha hela nyingi. Lakini kanuni ya ISIC haisemi mauzo, inasema shughuli kuu ni ile inayoongeza thamani zaidi, na kama hiyo haijulikani ndo unatumia vipimo mbadala kama mauzo au mishahara au idadi ya wafanyakazi. Tuseme kwa mwezi anauza vitu vya dukani vya shilingi 2,000,000 alivyonunua kwa 1,800,000. Duka limebakiza 200,000. Cherehani kimeingiza 500,000 na vitambaa, nyuzi na umeme vimekula 100,000, kimebakiza 400,000. Wakala kapitisha mamilioni kwenye simu lakini hela ya wateja sio mauzo yake, chake ni kamisheni, tuseme 150,000. Kwa hesabu hiyo fremu nzima ni ya ushonaji. Ni 1410, fungu C. Hakuna mtu aliyewahi kuingia kwenye fremu ile akadhani yuko kiwandani, lakini kinacholisha ile familia ni cherehani.

Mtu wa kawaida hawezi kuifanya hesabu hiyo dirishani, na wala hapaswi. Na ndo kiini cha ombi langu. Tuulizeni tunafanya nini, kwa lugha yetu, na namba pangeni nyie. Wekeni sanduku la maandishi, sio orodha ya kubonyeza. Unatengeneza, unauza au unahudumia nini? Unanunua nini ili uweze kufanya hiyo kazi? Unamuuzia nani, mtu wa kula nyumbani au mfanyabiashara mwenzako? Mama wa dagaa atayajibu yote matatu bila kukwama, atasema nanunua dagaa wabichi, nakausha, nawauzia wafanyabiashara wa Kongo. Hapo mtu wa takwimu aliyesomea, akiwa ofisini ametulia na mwongozo mezani, anampa 1020 kwa nusu dakika. Siku hizi hata kompyuta inaweza kupendekeza namba yenyewe ikasomwa na mtu akaithibitisha. Kwenye sensa na tafiti za kaya ndo mnavyofanya, mtu anaeleza kazi yake kwa maneno na nyie ndo mnapanga namba baadaye, sasa kwa nini kwenye usajili wa biashara kazi hiyo apewe mwananchi?

Kama orodha ni lazima iwepo basi iwe na majina ya kazi kama zinavyoitwa mtaani. Mtu akiandika mama lishe imlete 5610. Akiandika kinyozi au saluni, 9602. Bodaboda, fundi simu, mashine ya kukoboa, dalali wa mazao, muuza mitumba, mkaanga chipsi, mpiga picha za harusi, mchoma mkaa, mwenye trekta la kukodisha, kila moja iwe na njia yake ya kwenda kwenye namba sahihi. Hizo kazi zinajulikana na mkitaka kuzikusanya msianzie kwenye kamusi, anzieni kwa watu wa steshenari na maafisa biashara wa kata, tunazisikia kila siku. Na wakala wa pesa naomba mumtolee tamko la wazi, kwamba anahesabiwa kwenye fedha au kwenye mawasiliano au wapi, kwa sababu wapo kila kona na kila mjazaji fomu anampeleka anakojua yeye.

Lingine ambalo sitaki kulizunguka: watu wanaogopa. Ukimuuliza mtu biashara yake kwa undani anafikiri kodi. Na sio ujinga, ada za leseni zinatofautiana kwa aina ya biashara, kwa hiyo kama jibu moja ndo linatumika kupangia ada na ndo hilo hilo linakwenda kwenye takwimu, mtu atachagua lenye ada nafuu, na mimi nikimjazia nitaambiwa andika hiyo. Kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo, wale wa mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka, kwa sehemu kubwa inatazama mauzo na sio namba ya ISIC, lakini nani kawaambia? Tenganisheni hayo maswali mawili. La leseni libaki la leseni. La takwimu liwe na maandishi mafupi juu yake kwamba Sheria ya Takwimu ya 2015 inalinda siri ya taarifa za mtu mmoja mmoja na jibu hili halitatumika kumpangia mtu kodi wala ada. Halafu mlisimamie kweli, kwa sababu siku moja tu mtu akipandishiwa ada kwa jibu alilotoa kwenye swali la takwimu habari itafika mwalo wote kabla ya jioni.

Naona pia huu ndo wakati wenyewe. Umoja wa Mataifa mwaka 2023 uliidhinisha toleo la tano la ISIC, mafungu makubwa yamekuwa 22 sasa, mpaka herufi V. Gereji zilizokuwa zimewekwa pamoja na biashara ya kuuza magari zimetolewa huko zimepelekwa kwenye huduma za ukarabati, na anayeuza nguo kwa Instagram hatengwi tena na mwenye duka la nguo, wote wanahesabiwa kwa kile wanachouza na sio kwa njia wanayouzia. Madalali wa kwenye mitandao, zile aplikesheni zinazokutanisha abiria na dereva au mnunuzi na muuzaji, nao wamefikiriwa. Mtalazimika kulihamishia daftari lenu la biashara huko siku moja. Mkihamisha namba mbovu za zamani kwa jedwali la kompyuta, hii iwe ile, mtapata namba mbovu mpya. Mtu aliyeandikwa 4711 kwa kubahatisha atabaki muuza duka hata kwenye toleo la kumi.

Kwa hiyo kabla ya kuhama rudini kwa watu. Sio lazima iwe sensa ya mabilioni. Leseni ya biashara inahuishwa kila baada ya miezi 12, mtu anakuja mwenyewe kwenye mfumo anaitafuta, hapo hapo muulizeni maswali yale matatu na moja la nne, mwaka huu kipi kimekubakizia zaidi. Mama aliyeanza na mwani mkavu akafika kwenye sabuni atawaambia. Fremu ya duka iliyogeuka ya ushonaji itawaambia. Na wakishapewa namba, ipelekeni hiyo hiyo kwenye jina la biashara, kwenye TIN na kwenye leseni, kwa sababu mteja mmoja leo anaweza kuwa na karatasi tatu za serikali na kila karatasi inamtaja kwa shughuli tofauti, anazifunga pamoja kwa rababendi na hajui kwamba kwa nchi yake yeye ni watu watatu.

Watu wa steshenari tupeni mafunzo ya siku moja tu, kila wilaya. Hatuhitaji posho. Tupeni mwongozo wa Kiswahili wa kurasa chache wenye mifano ya hapa hapa, dagaa, pamba, mwani, bodaboda, na namba ya simu ya mtu wa takwimu wa mkoa wa kumuuliza tunapokwama. Mama wa dagaa ataanza kuhuisha leseni yake kabla ya msimu wa mvua, na ningependa safari hii aandikwe anachokifanya.

Naomba kuwasilisha.

Mwenye steshenari, Mwanza